Dunda wanataka chama cha wafanyabiashara? Uliza mfukoni, usiulize mkutanoni

Ukitaka kujua kama wafanyabiashara wa Dunda wanataka chama, usiitishe mkutano. Mkutano utajaa. Utajaa kwa sababu kuna soda na nauli, na kwa sababu mtu akiitwa na ofisi ya kata haoni vizuri kutokwenda. Mikono itanyooshwa, wazee watasema wazo ni zuri ila limechelewa, itachaguliwa kamati ya muda yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na picha itapigwa. Miezi mitatu baadaye kamati ya muda itakuwa bado ni ya muda. Pwani tunazo kamati za namna hiyo za kututosha.

Swali lenyewe, hata hivyo, si la kupuuza. Dunda ndiyo kata yenye mji wa kale wa Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Kwa mwendo mfupi wa miguu unapita soko la samaki ufukoni, jirani na jengo la forodha lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Ukipanda unaingia Mtaa wa India, wenye milango ya nakshi, maduka ya picha za Tingatinga na vinyago, nyumba za wageni, na magofu ambayo miti imeota ukutani. Ukisogea kidogo unafika Boma la mwaka 1897. Katikati ya hayo yote wamo wakaanga samaki, mama lishe, wauza vocha, mafundi cherehani, vijana wa bodaboda na bajaji. Biashara nzito ya kila siku, ile ya unga, saruji na mabati, imesogea Magomeni na kandokando ya barabara kuu. Kilichobaki mji wa kale ni samaki, wageni na historia, vitu vitatu visivyoelewana sana.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mchuuzi wa samaki anataka barafu, kivuli, maji safi na mfereji unaopitisha uchafu. Muuza picha anataka mgeni ashuke garini atembee, badala ya kupitishwa Mtaa wa India kioo kikiwa kimefungwa huku dereva akiangalia saa. Mwenye nyumba ya wageni anauza upepo na ukimya, na hana hamu na mnada wa alfajiri wala harufu inayokuja nao. Kijana wa bodaboda anataka kijiwe chake kisihamishwe kila anapokuja ofisa mpya. Wote hawa utawaita wafanyabiashara wa katikati ya mji, na wote watakubali kwamba chama ni kizuri, kila mmoja akiwa na chama chake kichwani.

Ugomvi wa soko na hoteli ndio wa kutazamwa kwanza, maana wengi hupenda kuuruka. Ukiwasikiliza baadhi ya watu wa utalii, dawa ya mji wa kale ni kuwaondoa wauza samaki waende mbali, ufuko usafishwe, mgeni apumue. Naona wamekosea. Kamba na changu anaokula huyo mgeni jioni, akiambiwa ni wa leo, wametoka kwenye mnada huohuo. Isitoshe, soko ndilo mahali pekee Dunda penye fedha taslimu inayozunguka kila siku ya Mungu, masika na kiangazi, mtalii awepo asiwepo. Chama kitakachoanzia hotelini kitapata ukumbi mzuri na ankra ya chai. Kitakachoanzia sokoni kitapata wanachama.

Anayesema watu wa Dunda hawajui kujipanga hajakaa nao. Kama kwingine pwani, kinamama wana upatu na vikoba, na mtu akifiwa mchango wa mazishi unafika kabla maiti haijatoka nyumbani. Vijana wa bodaboda wana kiongozi wa kijiwe na zamu zao. Wavuvi wana BMU, vile vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Vyote hivi vinaenda kwa sababu moja: mtu anajua anatoa kiasi gani, atapata nini na lini, na akidhulumiwa anajua mlango wa kugonga. Chama cha wafanyabiashara wa mji mzima kinamwomba atoe leo kwa faida isiyo na tarehe, kwa mtu ambaye nyumbani kwake hakujui.

Tena Bagamoyo ni mji uliozoeshwa kumtazamia mkubwa. Zama za misafara, majumbe wa Kishomvi walitoza ada zao kwa wafanyabiashara wa bara, na liwali wa Sultani wa Zanzibar akawa na chake. Kisha akaja Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeshika biashara ya kuwapatia wasafiri wapagazi, nguo, shanga na waya. Mtu mwenye nguvu kiasi hicho hakuhitaji chama, na waliomzunguka waliona yeye anatosha. Kwa haki yake, alirudisha. Alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi wala dini, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam, ambayo jina lake linaishi hadi leo Muhimbili. Kijana mmoja aliyepitia mikononi mwake, Allidina Visram, alikuja kufungua maduka hadi Uganda. Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Wakati huo Wajerumani walikwisha kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam, mwaka 1891, na biashara ilikuwa ikiufuata utawala na bandari. Hakuacha nyuma yake umoja wowote wa wenye maduka ambao ungeweza kusimama na kusema: sisi bado tupo, mji huu tunaufanyaje?

Baadaye mkubwa akawa Serikali. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi ichukuliwe na maduka ya ushirika. Familia nyingi za Kihindi za miji ya pwani ziliondoka miaka hiyo. Halafu mkubwa akawa bandari. Machi 2013 ukatiwa saini mpango wa bandari kubwa ya Bagamoyo na kampuni ya China Merchants, Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi Mbegani, mwaka 2019 Rais John Magufuli akayakataa masharti yake hadharani, mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yatafufuliwa. Katika miaka yote hiyo ya kupanda na kushuka, mwenye kiwanja alikuwa na sababu nzuri ya kutofanya kitu. Kwa nini upake rangi nyumba ambayo kesho mwekezaji atainunua kwa bei yoyote utakayotaja?

Hili la wenye nyumba ndilo fundo. Muuza vinyago wa Mtaa wa India kwa kawaida ni mpangaji. Fremu si yake. Akichangia taa, mlinzi na usafi, mtaa ukipendeza, wa kwanza kufaidi ni mwenye fremu, ambaye mwaka unaofuata anaweza kuongeza kodi au kudai kilemba kutoka kwa mpangaji mwingine mwenye fedha zaidi. Mpangaji anayajua haya bila kusomea uchumi. Mwenye nyumba naye mara nyingi hayupo. Yuko Dar es Salaam, yuko Unguja, yuko Muscat, au ni warithi wanane ambao hawajakubaliana hata nani ashike ufunguo. Na nyumba za mji wa kale ziko chini ya sheria ya mambo ya kale, kwa hiyo hata mwenye nia ya kukarabati hawezi kuamka tu akabomoa ukuta wa mawe ya matumbawe na kuweka tofali za saruji. Kulinda ni sawa kabisa. Bagamoyo ipo tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya kuombewa Urithi wa Dunia, kwa ajili ya njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na hatuwezi kuomba heshima hiyo huku tukibomoa. Ila ulinzi usio na msaada humfundisha mwenye nyumba kungoja ianguke yenyewe.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kupima hamu ya chama Dunda akawahoji wapangaji peke yao, amepima nusu ya jambo, tena ile nusu isiyo na mamlaka juu ya kuta.

Wapo watakaouliza kwa nini tusijiunge tu na vyama vilivyopo. Vipo. TCCIA, chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo, ilianzishwa mwaka 1988 na ina matawi mikoani na wilayani. Ipo Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania, JWT, yenye nguvu yake Kariakoo. Machinga wana SHIUMA. Lipo hata baraza la biashara la wilaya, ambalo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Hakuna kati ya hivyo kilichoundwa kushughulikia mtaro wa sokoni au giza la kichochoro cha kwenda ufukoni. Vimeundwa kuongea na Serikali juu ya kodi, leseni na sera, na hiyo ni kazi nyingine.

Kariakoo inafundisha, lakini si lile ambalo wengi hulisema. Tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa, na siku ya tatu Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akisikiliza malalamiko ya kamatakamata, ya usajili wa stoo na ya risiti. Juni 2024 mgomo ukarudi, safari hiyo ukasambaa mikoani, Mwanza na Mbeya zikiwemo. Kampala nako KACITA, umoja wa wafanyabiashara wa jiji hilo, umefunga maduka zaidi ya mara moja kwa mambo ya namna hiyohiyo. Hasira inakusanya watu kwa saa chache kuliko barua elfu moja za mwaliko. Lakini hasira haifagii mtaa. Maduka yakifunguliwa, kila mtu anarudi kwa wateja wake. Dunda haina hasira ya pamoja ya kiwango hicho, na isiitafute. Anayesubiri ugomvi na mamlaka ya mapato ndipo aunde chama atapata chama cha ugomvi.

Historia yetu ina onyo la upande wa pili pia. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliunda umoja wa wafanyabiashara Waafrika mjini Dar es Salaam. Walikuwa wenye maduka madogo waliobanwa na maduka makubwa na sheria za mkoloni. Haukupita muda umoja ukaongeza ustawi wa jamii katika jina na kazi zake, na mwaka 1937 Fiah akawa anatoa gazeti, Kwetu. Kwa taifa ilikuwa heri, kwani sauti ile ilihitajika. Lakini aliyejiunga ili apate bidhaa kwa bei ya jumla alijikuta kwenye siasa. Chama cha mji mdogo kikiwa na maneno mengi kuliko kazi huvutwa na mwenye maneno mengi zaidi, na sote tunajua mwaka wa uchaguzi ni nani huyo.

Tukitoka nje kidogo: mwaka 1970 wenye maduka wa Bloor West Village, Toronto, Kanada, walipata ruhusa ya kisheria ya kila mwenye biashara ndani ya mipaka yao kulipa tozo ya kuuboresha mtaa, apende asipende. Ndio mfano ulioigwa na miji mingi duniani, Cape Town ikiwemo. Siri yake ni hilo neno apende asipende, kwa sababu katika kila mtaa yupo atakayekaa chini ya taa aliyolipia jirani. Nairobi ilipounda umoja wake wa wafanyabiashara wa katikati ya jiji, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulisukuma ushirikiano na polisi katika ulinzi ukasikika sana, lakini ulitegemea hiari ya wanachama. Dunda nayo itategemea hiari. Kwetu anayetoza ni halmashauri, kwa sheria ndogo. Chama kinabaki na ada, na ada ya hiari hudumu pale tu mtu anapoona kazi kwa macho yake.

Basi kipimo kiweje?

Kwanza, muda. Mama lishe hawezi kikao cha saa nne asubuhi. Jikoni kumepamba moto. Mchuuzi wa samaki anafuata vyombo vinavyoingia. Ijumaa mchana usiulize. Mwenye duka la picha ana nafasi katikati ya wiki, lakini mwisho wa wiki, wageni wa Dar es Salaam wanapokuja, hana. Hakuna saa moja inayowafaa wote, kwa hiyo wafuatwe walipo, mlango kwa mlango na meza kwa meza, na afadhali mwulizaji awe jirani kuliko ofisa mwenye kitambulisho shingoni.

Pili, lisiulizwe swali la mauzo. Mwulizaji akigusa mauzo amejimaliza. Mwenye duka anasikia TRA, anasikia ushuru wa huduma wa halmashauri unaokokotolewa kwa mauzo, na kuanzia hapo majibu yote ni ya adabu. Orodha ya wanachama yenye makadirio ya mapato ni karatasi ambayo hakuna mtu mwenye akili atakayetaka jina lake lionekane.

Tatu, na hili ndilo kubwa, isiulizwe nia. Yaulizwe yaliyokwisha kutendeka. Mara ya mwisho ulitoa fedha kwa jambo la mtaa mzima ni lini? Ulimpa nani? Kazi ilifanyika? Nani akikuomba tena utampa? Majina yatakayojirudia katika swali hili la mwisho ndiyo viongozi wa chama, hata kama hawajawahi kushika kipaza sauti. Mara nyingi watakuwa kinamama waliowahi kushika fedha za upatu na hesabu ikatimia. Na asiyetajwa na mtu hata mmoja, awe diwani mstaafu au mwenye hoteli ya ghorofa, asipewe kiti kwa heshima tu.

Nne, ufanywe mchango wa majaribio kabla ya katiba. Kazi moja, mtaa mmoja, miezi mitatu. Inaweza kuwa taa na mlinzi wa usiku kati ya ufukoni na Mtaa wa India, au uzoaji wa taka za sokoni kila jioni. Kiasi kiwe kidogo, anachoweza hata muuza karanga, na wakubwa waongeze kwa hiari yao bila kununua kura. Daftari libandikwe ukutani, nani ametoa na fedha imeendaje, kila mpita njia asome. Mwezi wa kwanza usihesabiwe. Mwezi wa kwanza watu hutoa kwa aibu. Kinachopima hamu ni mwezi wa pili, mtu anapotoa akiwa amekwisha kuona kazi, na wa tatu, anapomsukuma jirani yake naye atoe.

Wenye nyumba wapimwe kwa njia yao. Watafutwe kwa simu, maana warithi walio mbali nao wana makundi ya WhatsApp ya familia, na waulizwe jambo moja: wapangaji wakichangia mtaa kwa mwaka mzima, je, wako tayari kuandika kwamba kodi haitapanda mwaka huo? Atakayekubali ni mwanachama hata kama yuko Muscat. Wakikataa wote, wapangaji wajue mapema wanapaka rangi ukuta wa nani.

Mambo ya usajili yafuate baadaye wala hayana ugumu mkubwa. Kuna Sheria ya Vyama kupitia msajili wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na kuna njia ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa kampuni isiyo na hisa, yenye ukomo wa dhamana. Kwa chama kidogo cha mtaa ningeanza na ile ya kwanza. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyomo ndani ya chama vibaki na usajili wake halmashauri, visije vikapoteza haki ya kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ule uliosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata.

Halmashauri ina nafasi yake, ila isiwe ya mwenyekiti. Inakusanya ushuru sokoni kila siku. Iseme hadharani ni kiasi gani kinarudi sokoni hapohapo. Mfanyabiashara anayechangia mara mbili kwa kitu kimoja, mara ya kwanza kwa risiti ya halmashauri na ya pili kwa daftari la chama, ana haki ya kuuliza, na chama kisichomsaidia kuuliza hakina kazi. Afisa biashara wa wilaya anaweza kufanya jema moja bila gharama: aje mkutanoni akialikwa, asiuitishe yeye.

Maoni yangu ni kwamba Dunda ina watu wa kutosha kuanzisha chama, na wengi wao wako sokoni kuliko Mtaa wa India. Sina hakika kama ina subira. Mwenye fremu, meza au jiko hapo mjini asingoje tangazo la kata: azungumze na majirani wawili wa kushoto na wawili wa kulia, wakubaliane kazi moja na kiasi kimoja, waanze mwezi ujao. Ikifika mwezi wa tatu na nusu ya mtaa bado inatoa, chama kipo, kiandikiwe katiba. Kama hawatoi, jibu limepatikana, na fedha zilizobaki zirudishwe kwa wenyewe kwa majina.